Karatasi inasema machozi yanatosha, saa inasema utando unavunjika: nisadiki kipimo kipi?

Msomaji_wa_Usiku aliuliza:

Ndugu wataalamu, na ndugu mnaougua macho kama mimi, naomba mnisaidie kuyaelewa majibu ya vipimo vyangu, kwa sababu nimeyasoma mara nyingi na kila nikiyarudia naona yanapingana.

Kwa takriban mwaka mmoja na nusu macho yangu yamekuwa yakichoma, hasa jioni, kana kwamba nimekaa karibu na moshi. Nikiwa mbele ya kompyuta maandishi huanza kufifia, kisha nikipepesa macho mara mbili tatu yanarudi kuwa safi. Nikitoka nje penye upepo, machozi hunitiririka mpaka nikayafuta kwa leso. Katika kliniki ya kwanza niliwekewa vikaratasi kwenye kope za chini kwa dakika 5, nikaambiwa kwamba cha kulia kimelowa milimita 17 na cha kushoto milimita 14, kwa hiyo sina ukavu wa macho na huenda ninahitaji miwani mipya tu. Miwani nilibadilisha, lakini kuchoma hakukupungua hata kidogo.

Miezi 4 baadaye nilikwenda kliniki nyingine. Huko nilitiwa rangi ya njano, nikaangaliwa kwa mwanga wa buluu, na kwenye barua yangu pameandikwa kwamba utando wa machozi unavunjika baada ya sekunde 4 jicho la kulia na sekunde 3 jicho la kushoto. Ukolezi wa chumvi ya machozi, ambao wao wanauita osmolariti, ulikuwa 297 kulia na 314 kushoto. Kijito cha machozi kwenye ukingo wa kope kilikuwa na kimo cha milimita 0.28, na konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ilikuwa na madoa machache ya rangi upande wa chini. Hitimisho lao likawa kwamba nina ukavu wa macho unaotokana na machozi kukauka upesi. Wiki 3 baada ya hapo walirudia kipimo cha chumvi peke yake, na safari hii kikatoa 303 na 299, namba ambazo zote ziko ndani ya kiwango walichoniambia ni cha kawaida.

Nauliza mambo matatu. Je, jicho linalotiririsha machozi linaweza kweli kuitwa kavu? Kati ya kliniki ya kwanza na ya pili, ni ipi iliyopima sawasawa? Na namba ya chumvi iliyobadilika ndani ya wiki 3 inamaanisha nimepona, au mashine ilikosea?

Optometria_Kazini alijibu:

Pole sana, ndugu Msomaji, kwa muda wote huo wa kuchomwa macho huku ukiambiwa huna tatizo. Kazi yangu ni kupima macho, na majibu ya namna yako nakutana nayo mara kwa mara. Nianze na kitu chenyewe kinachopimwa, maana tukikielewa hicho, namba zitajieleza.

Juu ya konea kuna utando wa machozi wenye unene wa mikromita 2 hadi 5 hivi, wakati unywele mmoja wa kichwani una mikromita 70 au karibu na hapo. Utando huo ndio uso wa kwanza unaopinda mwanga unapoingia jichoni, na hiyo ndiyo sababu maandishi yako hufifia pale utando unapochanika, kisha yanarudi kuwa safi pale kope inapoutandaza upya. Upande wa ndani, karibu na konea, kuna ute unaoyafanya maji yashikamane na uso ambao bila ute huo yangeteleza tu. Upande wa hewa kuna tabaka la mafuta lenye unene wa makumi machache ya nanomita, yanayotoka kwenye tezi za meibomi zilizopangwa ndani ya kope, ambazo matundu yake yako ukingoni, nyuma kidogo ya mstari wa nywele za kope. Mafuta hayo yakipungua au yakiharibika, maji yaliyo chini yake hugeuka mvuke haraka, hata kama yalikuwa mengi.

Sasa tuje kwenye karatasi. Kipimo hicho kinaitwa kipimo cha Schirmer, kwa jina la Otto Schirmer, daktari wa macho Mjerumani aliyekieleza mwaka 1903. Karatasi ya kuchujia yenye upana wa milimita 5 na urefu wa milimita 35 hukunjwa ncha yake, ikapachikwa kwenye kope ya chini upande wa nje, na baada ya dakika 5 tunasoma ni milimita ngapi zimelowa. Bila dawa ya ganzi, milimita 5 au pungufu yake ni dalili nzito ya uhaba wa maji, na wapo wapimaji wanaoanza kutia shaka kuanzia 10 kushuka chini. Milimita zako 17 na 14 zinathibitisha kwamba tezi zako za machozi zinaweza kutoa maji zikichokozwa, na karatasi yenyewe ni uchokozi, kwa kuwa inagusa konjaktiva, yaani ngozi laini inayofunika weupe wa jicho na ndani ya kope, na wakati mwingine nywele za kope, na jicho linajibu kama linavyojibu chembe ya vumbi. Karatasi haina namna yoyote ya kukuambia maji hayo yanakaa juu ya konea kwa muda gani.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la kwanza. Konea inapobaki wazi hupoa na kukauka, neva zake hupeleka taarifa, na tezi kubwa ya machozi humwaga maji kwa mkupuo. Maji hayo huja mengi kuliko kijito cha kope kinavyoweza kubeba, na kwa kuwa tabaka la mafuta ni dhaifu, utando haudumu. Yanaishia shavuni na jicho linabaki kama lilivyokuwa. Kwa hiyo ndiyo, jicho linalotiririka kwenye upepo linaweza kuwa na ukavu wa macho, na wagonjwa wengi huja kwangu wakilalamikia machozi mengi kabla hawajalalamikia ukavu.

Kipimo cha rangi ningependa ukione kama ninavyokiona mimi kupitia darubini. Mgonjwa anapepesa mara kadhaa ili fluoreseini, ile rangi ya njano, isambae, kisha namwomba atazame mbele bila kupepesa. Kwa mwanga wa buluu konea yote inang'aa kijani kibichi, laini, kama kioo kilichotoka kufutwa. Mimi nahesabu. Moja, mbili, tatu, halafu katikati ya kile kijani linajitokeza doa jeusi dogo kuliko kichwa cha pini, likifuatiwa na jingine, na yanaanza kutanuka kuelekeana. Doa la kwanza linapotokea ndipo nasimamisha saa. Chini ya sekunde 10 tunahesabu kuwa utando hauko imara, na vigezo vya wataalamu wa Asia vinatumia sekunde 5 au pungufu. Sekunde 4 na 3 ziko chini ya viwango vyote viwili, na kwa maoni yangu hizo ndizo namba zenye uzito mkubwa kuliko zote ulizotuandikia, kwa kuwa zinaendana moja kwa moja na kile unachokiona kwenye maandishi yako.

Tena, mahali na namna doa linavyotokea lina maana yake. Doa la mviringo linalotokea papo hapo kope inapofunguka hutufanya tushuku ute, yaani uso wa konea haukubali kulowa. Mstari wa wima unaotokea sehemu ya chini huelekeza kwenye upungufu wa maji. Madoa yanayotokea ovyo ovyo, leo hapa, baada ya kupepesa kule, huelekeza kwenye kukauka kwa sababu ya mafuta. Kama barua yako imeeleza namna ya kuvunjika, tuandikie, maana wapimaji wengi huandika sekunde peke yake na kuacha habari hiyo nzuri ipotee.

Kijito cha milimita 0.28 ni cha kawaida. Tunaanza kushuku upungufu wa maji kikiwa chini ya 0.2. Kinakubaliana na karatasi. Kwa hiyo kliniki ya kwanza haikukosea katika kusoma karatasi. Ilikosea ilipokufungulia mlango wa kutokea baada ya kipimo kimoja tu, ilhali ulikuwa umeeleza dalili zinazoonekana waziwazi.

Kwa upande wa chumvi, kiwango kinachotumiwa sana ni miliosmoli 308 kwa lita, au tofauti inayozidi 8 kati ya jicho moja na jingine. Siku ya kwanza ulikuwa na 314 upande mmoja na tofauti ya 17. Siku ya pili ulikuwa ndani ya kiwango. Utando wenye afya hutoa namba zinazokaribiana siku hadi siku, lakini utando usio imara hutangatanga, na kule kutangatanga kwenyewe ni alama ya ugonjwa.

Nina ombi moja. Mwombe mtu wa nyumbani akuhesabie unapepesa mara ngapi kwa dakika ukiwa unasoma kwenye skrini, na asikuambie anahesabu lini. Utuletee namba hiyo, nitakueleza ninaitakia nini.

Tone_Moja alijibu:

Ndugu Msomaji, mimi ni mgonjwa, si mtaalamu, lakini hali yangu ni kinyume cha yako na huenda ikakusaidia kuona picha nzima.

Nilipopachikwa karatasi nilikaa dakika 5 nikidhani haijaanza kufanya kazi. Mpimaji alipoitoa aliishika kwenye mwanga akaigeuza pande zote mbili, kisha akaandika milimita 2 kulia na 1 kushoto. Konea zangu zilipotiwa rangi zilijaa madoa kiasi kwamba mpimaji alimwita mwenzake aje kuangalia. Ajabu ni kwamba nilikuwa nimekwenda pale kwa sababu ya kinywa kukauka na viungo kuuma. Macho hayakuwa yakinisumbua sana. Nilihisi uzito kidogo asubuhi, basi.

Baadaye niligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Sjögren, ambapo kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na za mate, na ambao umepewa jina la Henrik Sjögren, daktari wa Uswidi aliyeueleza kwa kina mwaka 1933. Nilichojifunza wakati huo ni kwamba hata milimita 2 zangu hazikutosha kuutambulisha ugonjwa. Katika vigezo vya kimataifa vya mwaka 2016, karatasi yenye milimita 5 au pungufu katika jicho moja angalau hupewa alama 1, na madoa ya rangi yakifika kiwango kilichowekwa nayo hupewa alama 1, lakini zinahitajika alama 4 kwa jumla. Zilizosalia hutoka kwenye kipimo cha mate, kwenye damu, ambako kingamwili zinazoitwa Ro zina alama 3, au kwenye kipande kidogo kinachokatwa ndani ya mdomo, ambacho nacho kina alama 3. Mimi nilikamilisha kwa damu.

Nilimuuliza daktari kwa nini konea iliyoharibika vile haikuniuma. Alinieleza kwamba ukavu wa muda mrefu huweza kuharibu neva za konea na kuzipunguzia hisia, kwa hiyo mtu mwenye madoa mengi anaweza kulalamika kidogo, na mwingine mwenye madoa machache, ambaye neva zake zimekuwa kali kupita kiasi, akateseka mno. Nakuandikia haya kwa sababu umesema una "madoa machache", na sitaki mtu akuambie kwamba kwa kuwa madoa ni machache basi maumivu yako ni ya kubuni. Nimeyasikia maneno hayo yakiambiwa mgonjwa niliyekuwa nimekaa naye kwenye foleni, na yalimuumiza.

Chumba_cha_Vipimo alijibu:

Nimesoma majibu yaliyotangulia na nakubaliana na mengi, ila kuna jambo moja ambalo ningeliweka tofauti na ndugu Optometria. Kabla ya kusema kwamba chumvi iliyotangatanga ni alama ya ugonjwa, ni lazima tuulize ilipimwa katika hali gani, kwa sababu mimi ndiye ninayeshika kile kifaa kila siku na najua kinavyoweza kudanganywa.

Kifaa kile huchota kiasi cha nanolita 50 tu za machozi kutoka kwenye kijito. Machozi yote yaliyo juu ya jicho kwa wakati mmoja ni kama mikrolita 7. Tone moja la dawa kutoka kwenye chupa lina mikrolita 30 au zaidi, yaani ukitia tone moja umemwaga jichoni maji mengi mara kadhaa kuliko machozi yako yote. Mgonjwa akitia matone ya kulainisha macho sebuleni kwetu wakati anasubiri, nitakachopima ni dawa yake. Ndiyo sababu tunaomba saa 2 bila kutia kitu chochote. Mgonjwa akilia, akipiga miayo mfululizo, au nikimgusa vibaya kwa ncha ya kifaa, yanakuja machozi mapya yenye chumvi kidogo na namba inashuka. Kwa hiyo ndugu Msomaji, naomba ujiulize: siku ya 303 na 299, je, ulikuwa umetia matone asubuhi ile? Siku ya kwanza je?

Jambo la pili ni mpangilio wa vipimo, na hili naliona muhimu kuliko namba yoyote. Kila kipimo kinachogusa jicho huliacha likiwa tofauti na lilivyokuwa, kwa hiyo huanza kisichogusa na humalizia kinachochokoza zaidi. Kwetu mgonjwa hujaza dodoso kwanza, kabla mtu yeyote hajamkaribia. Dodoso hilo, linaloitwa OSDI na linalouliza kuhusu dalili za macho, lina maswali 12 na huishia kwenye alama kati ya 0 na 100, ambapo 13 na kuendelea huhesabiwa kuwa si kawaida. Kisha chumvi. Kisha kimo cha kijito na muda wa kuvunjika kwa kutumia mashine inayoakisi duru za mwanga kwenye konea bila rangi yoyote, ambapo duru zikipinda tunajua utando umevunjika pale. Rangi hufuata baadaye, kwa sababu fluoreseini yenyewe huulegeza utando na kuufanya uvunjike mapema kidogo kuliko ulivyo kwa asili. Karatasi ya Schirmer ni karibu na mwisho, na kukamua tezi za kope ni mwisho kabisa. Nimewahi kuona barua ya mgonjwa kutoka sehemu nyingine, ambayo sitaitaja, ikiwa na muda wa kuvunjika uliochukuliwa dakika chache baada ya karatasi kutolewa. Namba ile haikuwa na maana yoyote, na mgonjwa alikuwa ametumia dawa miezi kadhaa kwa kuitegemea.

Hata kiasi cha rangi kina neno. Ukitumia ukanda wa rangi, unaulowesha kwa tone la maji ya chumvi, unaukung'uta ili tone linalobaki lidondoke, kisha unaugusisha kidogo tu kwenye kope. Ukiuacha ukiwa umejaa maji, umeongeza ujazo wa machozi na utando unaoupima si wa mgonjwa tena. Pia tunarudia mara 3 na kuchukua wastani. Kipimo cha mara moja, hasa mgonjwa akiwa na wasiwasi na anafinya macho, sikiamini.

Na hewa ya chumba. Zamani kidogo tulikuwa na feni iliyoelekea kiti cha mgonjwa, na kwa siku kadhaa kila mtu aliyekalia kile kiti alikuwa na sekunde chache za kushangaza, mpaka mwenzangu mmoja alipokaa yeye mwenyewe akasema, "Mbona hapa kuna upepo?" Tulihamisha kiti na tukawaita wagonjwa wale wote kupimwa upya. Tangu siku hiyo naandika saa ya kupima, joto la chumba na unyevu wa hewa kwenye kila barua, kwa sababu jicho la asubuhi na jicho la saa 11 jioni baada ya kazi si jicho moja.

Niongeze hili kwa wengine wanaosoma, hasa wenye wazee wanaojiandaa kwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Lenzi inayowekwa ndani ya jicho huchaguliwa kwa kupima mpindo wa konea, na mashine inayopima mpindo huo inasoma mwanga unaoakisiwa na utando wa machozi. Utando ukiwa umechanika, mpindo unaosomwa unaweza kuwa wa uongo na lenzi ikachaguliwa isiyofaa. Mwulizeni daktari kama machozi yamepimwa kabla ya siku ya upasuaji.

Msomaji_wa_Usiku aliandika:

Nawashukuru wote kwa moyo, na Tone_Moja nakupa pole. Maneno yako kuhusu maumivu yamenigusa kuliko nilivyotarajia.

Nimeuliza na kukumbuka. Siku ya kipimo cha kwanza cha chumvi sikuwa natumia matone yoyote. Siku ya 303 na 299 nilikuwa nimeshaanza matone niliyoandikiwa, na nilitia mara ya mwisho nikiwa njiani, labda dakika 40 kabla ya kupimwa. Hakuna aliyeniuliza na mimi sikujua kwamba ni jambo la kusema.

Barua yangu haielezi namna ya kuvunjika. Ila nilipiga simu, na mpimaji akaangalia maandishi yake akasema ameandika "madoa sehemu mbalimbali, hayarudi mahali pamoja".

Kuhusu kupepesa, dada yangu alinihesabia jana usiku nikiwa nasoma kwenye skrini bila kujua. Dakika ya kwanza mara 6, ya pili mara 5, ya tatu mara 7. Anasema pia kwamba mara nyingine kope yangu ya juu inashuka nusu tu kisha inarudi, haifiki chini. Wakati wa chakula tukiongea alihesabu tena, akapata 16.

Swali langu lililobaki: tezi za mafuta zimetajwa hapa mara kadhaa, lakini katika barua zangu zote mbili sioni mahali zilipopimwa. Je, zinapimwaje, na nitajuaje kwamba zimepimwa?

Optometria_Kazini alijibu:

Nikiri kwanza kwamba Chumba_cha_Vipimo ana haki. Ukiwa ulitia matone dakika 40 kabla, namba ya 303 na 299 tuiweke kando kabisa, isihesabiwe kuwa nafuu wala kuwa kutangatanga. Kinachobaki ni ile ya kwanza, 297 na 314, ambayo ilichukuliwa jicho likiwa halijatiwa kitu.

Dada yako amefanya kazi nzuri. Wastani wako mbele ya skrini ni mara 6 kwa dakika, yaani kuna sekunde 10 kati ya kupepesa na kupepesa. Utando wako unadumu sekunde 4 kulia. Tukigawanya 4 kwa 10 tunapata 0.4, na hesabu hiyo inatuambia kama konea inalindwa: ikiwa 1 au zaidi, kope inarudi kabla utando haujavunjika, ikiwa chini ya 1, konea inabaki wazi. Kwa kila sekunde 10 za kusoma, konea yako ya kulia iko wazi kwa sekunde 6 hivi katika sehemu zile zenye madoa, na ya kushoto ni 7. Ukiongea mezani unapepesa mara 16, nafasi inakuwa chini ya sekunde 4 na jicho la kulia linajikuta limelindwa kwa shida. Bila shaka ndiyo sababu hulalamiki wakati wa chakula na unalalamika ukisoma usiku.

Kope inayoshuka nusu nayo ina maana. Sehemu ya chini ya konea haifutwi, na hapo ndipo palipo na madoa yako ya rangi. Isitoshe, kope mbili zinapokutana ndipo tezi za mafuta hubanwa na kutoa mafuta. Zisipokutana, mafuta hukaa ndani na kuganda.

Tezi hupimwa kwa njia tatu, na ukiziona utazitambua. Ya kwanza ni picha ya mwanga wa infraredi: kope inageuzwa kwa upole, na kwenye skrini tezi zinaonekana kama mistari myeupe iliyosimama sambamba, 20 na kitu kope ya chini na zaidi ya hapo kope ya juu. Mistari ikiwa mifupi, imepinda, au pamebaki mapengo meusi, tezi zimepotea. Ya pili ni kukamua: mpimaji anabana ukingo wa kope ya chini kwa kidole au kifaa kidogo huku akiangalia kwa darubini. Kwenye tezi nzima kinatoka kitone kinachong'aa, chepesi kama mafuta ya kupikia. Kwenye tezi iliyoziba kinatoka kitu kizito, cheupe, kama dawa ya meno inayosukumwa kutoka kwenye tyubu, au hakitoki kitu. Ya tatu ni intaferomita, mashine inayosoma rangi zinazoonekana pale mwanga unapoakisiwa na tabaka la mafuta, kama rangi unazoziona kwenye mafuta yaliyomwagika juu ya maji, na kutoka kwenye rangi hizo inakadiria unene wa tabaka kwa nanomita. Kati ya hizo tatu, kama kliniki ina darubini na kidole tu, kukamua kunatosha kuanzia. Sipendi kusikia mgonjwa akiambiwa hawezi kupimwa tezi kwa sababu hakuna mashine kubwa.

Ukirudi, omba miadi ya jioni baada ya kazi, wakati dalili zako ziko juu, usitie matone kwa saa 2, na kama unavaa lenzi za machoni uulize mapema uzivue kwa muda gani kabla. Mpe mpimaji karatasi yenye namba za dada yako. Mwombe afuate mpangilio aliouandika Chumba_cha_Vipimo, aandike sekunde zote 3 badala ya wastani peke yake, achore mahali madoa meusi yanapoanzia, na akamue tezi mwishoni. Orodhesha pia dawa zote unazomeza, hasa za mzio na za usingizi, kwa kuwa baadhi yake hupunguza machozi na mpimaji hawezi kuziona kupitia darubini.

Tone_Moja alijibu:

Nyongeza ndogo tu kwa orodha hiyo ya dawa: angalieni na matone yenyewe. Mimi nilikuwa natia yenye kihifadhi cha benzalkoniamu mara 8 kwa siku, na daktari alinieleza kwamba kihifadhi hicho kikitumika mara nyingi namna ile huweza kuuvunja utando uleule tunaojaribu kuuokoa. Nilipohamia kwenye vichupa vya kutumia mara moja visivyo na kihifadhi, muda wangu wa kuvunjika ulipanda kutoka sekunde 2 hadi 5 katika kipimo kilichofuata, ingawa milimita za karatasi zilibaki 2 na 1 kama mwanzo.